Shajara ya banda: njiwa weupe wa Kibaha, Februari hadi Novemba

Februari, wiki ya pili

Banda limesimama. Upana mita mbili, urefu mita tatu, mabati juu, mbao pembeni, na mbele wavu wenye matundu madogo kabisa, maana nyoka wa huku kwetu hahitaji nafasi kubwa. Liko juu ya nguzo, na kila nguzo nimeivalisha bati laini ili panya na kicheche wateleze wakijaribu kupanda. Mlango wa njiwa unatazama mashariki. Huko ndiko Dar es Salaam, na huko ndiko watakakokuwa wakitokea siku za kazi, wakirudi nyumbani baada ya kurushwa kwenye harusi za watu.

Jioni hii basi limeshusha matenga mawili kutoka Arusha. Ndani yake kuna jozi sita za njiwa manga, weupe wote, isipokuwa jike mmoja mwenye doa la kijivu mkiani. Nimewaweka ndani, nimewapa maji kwanza, chakula baadaye.

Niandike hapa kwa nini nimeanza, nisije nikasahau kazi ikishanoga. Mwaka jana nilialikwa kwenye harusi ambapo mpambaji alinunua ndege weupe sokoni, akawaficha kwenye boksi lenye riboni, wakaachiwa ukumbini saa tatu usiku. Mmoja aligonga feni. Wengine walijibanza juu ya taa mpaka watu wakaondoka. Asubuhi, nikipita kuchukua viti, nilimkuta mmoja ndani ya mtaro, mbawa zimelowa, jicho limefumba nusu. Nilimfunga kwenye kanga ya mke wangu nikaenda naye nyumbani. Hakufika jioni.

Yule hakuwa njiwa manga. Alikuwa hua mweupe wa kizimbani. Kiswahili kinawatenga ndege hawa vizuri, ila siku hizi tumezoea kuwaita wote njiwa: kuna hua, kuna tetere, kuna pugi, kuna ninga, na kuna njiwa manga anayefugwa. Ukimpeleka mbali ukamwachia, wa kurudi ni njiwa manga, na hata huyo sharti awe wa ukoo uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu ya kurudi kwake. Hua wa kizimbani hajui kwao ni wapi. Kumwachia angani mbele ya kamera ni kumtupa.

Basi sharti la banda hili ni moja: simrushi ndege asiye na kwao, na simrushi mahali au saa ambayo hawezi kufika kwao kabla ya giza.

Machi, wiki ya kwanza

Jozi zote sita zimetaga. Yai la kwanza hutoka jioni, siku inapita katikati, kisha la pili linafuata mchana wa siku ya tatu. Mayai kumi na mawili. Wanapokezana kuatamia: jike analala nayo usiku hadi asubuhi jua likishapanda, dume anashika zamu mpaka alasiri. Leo nimemwona dume mmoja akingoja pembeni mwa kiota, jike hataki kunyanyuka, akamsukuma taratibu kwa kifua mpaka akampisha.

Wazazi hawa sitawarusha kamwe. Wamekulia Arusha, na ukiwafungulia mlango watajaribu kwenda Arusha, zaidi ya kilomita 400, hata baada ya mwaka mzima wa kula mtama wangu. Kwao ni pale walipojifunza anga wakiwa makinda. Kwa hiyo wa kurushwa lazima wazaliwe hapahapa. Kuna jamaa wawili wamenipigia simu wakitaka niwauzie "njiwa waliofundishwa" waanze kazi wiki ijayo. Nimewaeleza kwamba nikiwauzia wakubwa, siku ya harusi ya kwanza watakwenda walikokulia, si kwa mnunuzi.

Machi, mwishoni

Siku ya kumi na nane yameanza kupasuka. Kumi yametotolewa, mawili yalikuwa maji. Kinda wa siku ya kwanza hana uzuri wowote kwa mgeni: uchi, macho hayajafunguka, nywele chache za njano, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Wazazi wote wawili, baba na mama, wanatoa kooni kitu kama jibini laini, watu wanakiita maziwa ya njiwa, na makinda hawali kingine siku za mwanzo. Wanakua mbele ya macho yako.

Siku ya saba nimewavisha pete. Unakusanya vidole vitatu vya mbele pamoja, unavipitisha kwenye pete, unairudisha juu mpaka ivuke kidole cha nyuma, halafu unakivuta hicho kidole taratibu kwa njiti ya kiberiti. Ukichelewa siku tatu mguu umeshanenepa, pete haipiti. Ukiwahi mno inadondoka ndani ya kiota. Namba 01 mpaka 10.

Aprili

Masika. Kila kitu kinanuka unyevu. Namba 04 na 09 wameacha kumeza. Nilipofungua midomo yao kwa mwanga wa simu nikaona madonda ya njano yameziba koo, na harufu yake ni ya kitu kilichooza. Bwana mifugo alipofika alijua kabla hajashusha mkoba: ugonjwa wa koo, vijidudu vinavyopita kwenye maji ya kunywa na kwenye chakula wazazi wanachowatemea wanao. Hao wawili nimewapoteza. Waliobaki wametibiwa pamoja na wazazi wao, na sasa vyombo vya maji naviosha asubuhi na jioni, navianika juani nikipata jua. Siku hiyohiyo kawadunga wote chanjo ya kideri.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa naongeza maji juu ya maji ya jana.

Tangu leo pia navaa barakoa nikifagia. Njiwa ana unga mweupe kwenye manyoya. Wakioga kwenye karai, juu ya maji hubaki utando kama wa maziwa. Unga huo ukiuvuta kila siku kwa miaka, mapafu yanaweza kuharibika.

Juni, wiki ya kwanza

Uzao wa pili umeachishwa kulishwa: kumi wazima. Na wale nane wa kwanza, jumla kumi na wanane.

Kazi ya mwezi mzima uliopita imekuwa ni kukaa tu. Nimejenga kizimba cha wavu juu ya paa la banda, vijana wanapanda humo asubuhi na kutazama: minazi, mnara wa simu, bati jekundu la jirani, barabara. Hawaruki, wanatazama. Kila nikiwapa chakula natikisa kopo la maziwa lenye punje ndani, kha-kha-kha, na wanaingia kupitia mlango wa nyaya zinazoning'inia, ambazo zinasukumika kwenda ndani na hazisukumiki kutoka. Mara ya kwanza waliziogopa. Nilizifunga juu siku mbili, siku ya tatu nikashusha mbili tu, siku ya tano zote. Sasa wanaingia bila kupunguza mwendo, unasikia tu nyaya zikilia.

Chakula ni mahindi yaliyoparazwa, mtama, ngano kidogo, choroko na kunde, kama gramu 30 kwa ndege mmoja kwa siku, si zaidi. Pembeni maganda ya mayai yaliyosagwa na changarawe ndogo, maana hana meno. Njiwa aliyeshiba sana haisikii sauti ya kopo.

Juni, wiki ya tatu

Nimefungua. Saa kumi na moja jioni, wakiwa na njaa, ili mwenye hamu ya kutalii asifike mbali. Dakika kumi hakuna aliyetoka. Kisha namba 02 akatua kwenye ukingo, akainamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza, akaruka. Wote wakamfuata. Walizunguka juu ya banda mara nyingi kiasi kwamba nilipoteza hesabu, weupe kabisa dhidi ya mawingu ya jioni, na majirani walitoka nje na watoto wao kutazama. Nilitikisa kopo. Waliingia wote.

Siku nne baadaye kipanga alimchukua namba 13. Mwewe huwa namwona kila siku, anazunguka akitafuta mizoga na vifaranga, na njiwa mwenye nguvu anamkimbia. Kipanga ni mwingine. Alitoka kwenye mwembe, chini, nyuma ya nyumba, na sikusikia kitu mpaka manyoya yakaanza kushuka. Ndege mweupe huonekana kutoka mbali, hilo lazima nilikubali. Nimebadili saa za kuwafungulia, leo asubuhi, kesho mchana, ili asijue ratiba yangu.

Kumi na saba.

Julai

Mazoezi ya njiani yameanza. Tenga nyuma ya kirikuu, barabara ya Morogoro, kuelekea mjini. Kiluvya kwanza, siku tatu mfululizo. Halafu Kibamba. Mara ya kwanza Kibamba, umbali wa kilomita 14 hivi kwa ndege, walichukua saa mbili na dakika arobaini, na mke wangu alinipigia mara sita kuniuliza nina uhakika na ninachofanya. Mara ya tano walitumia dakika kumi na nne. Wao walifika, mimi bado niko kwenye foleni.

Nimesoma sana usiku huu kuhusu wanavyojua njia. Mwaka 1971 Mmarekani William Keeton aliwafunga njiwa sumaku ndogo mgongoni: siku ya jua walirudi kama kawaida, siku ya mawingu mazito walipotea mwelekeo. Maana yake wanatumia jua kama dira, na jua likifichika wanategemea usumaku wa dunia. Floriano Papi wa Pisa, Italia, naye alionyesha kuanzia mwaka 1972 kwamba harufu inayoletwa na upepo ina nafasi yake. Na watafiti wa Oxford, mwaka 2004, waliwafungia njiwa vifaa vya kurekodi njia wakakuta kwamba wakishaizoea nchi wanafuata barabara kuu, hata kukata kona penye makutano.

Hili la mwisho nimeliona kwa macho yangu. Kijana wangu alikaa Kibamba na baiskeli, mimi nikawarusha Mbezi. Akanipigia: "Baba, wamepita juu ya lami, chini kabisa, kama daladala." Walikuwa wameshika barabara ya Morogoro.

Agosti

Nimepoteza wawili, 06 na 15, na nimejilaumu wiki nzima. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya Kimara, kuna wingu zito na manyunyu upande wa nyumbani. Keeton nilikuwa nimeshamsoma. Lakini mafuta nilishaweka, kijana wa kunisaidia nilishamlipa, nikasema yatakatika. Hayakukatika. Kumi na mmoja walirudi siku hiyo, wanne kesho yake, hao wawili hawajaonekana. Sasa sharti limeongezeka: nisipoona kivuli changu chini, tenga halifunguliwi.

Tulirudia Kimara kukiwa na jua, tukaenda Ubungo, tukaishia Posta, kama kilomita 41 kwa mstari ulionyooka. Wastani wao sasa ni dakika arobaini na tano. Kumi na watano, na hawa ndio kikosi.

Septemba, harusi ya kwanza

Kamati ilitaka ukumbini, saa mbili usiku, wakati maharusi wanaingia. Hilo nitalisikia kila mara, naona, kwa sababu kwetu sherehe yenyewe ni usiku. Niliwaomba wanipe dakika kumi za kikao. Niliwaambia njiwa haruki gizani, anatua kwenye kitu cha kwanza anachokiona na kukaa hapo mpaka paka amkute. Nikawaomba wakati maharusi wanapotoka kanisani, mchana, mbele ya ngazi. Mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima, ndiye aliyeniokoa. Alisema, "Picha za kanisani ndizo zinazowekwa sebuleni. Mpeni mchana wake." Nilimwambia asante mama, na sitamsahau.

Kulikuwa pia na suala la fataki. MC alitaka zilipuke palepale ndege wanaporuka. Nilimsimulia Seoul, Septemba 1988, ufunguzi wa Olimpiki: njiwa waliorushwa mapema walitua kwenye ukingo wa birika la mwenge, moto ukawashwa, na baadhi yao wakaungua dunia nzima ikitazama. MC alinyamaza, kisha akafuta mstari huo kwenye ratiba yake mwenyewe.

Siku moja kabla niliwaogesha. Asubuhi ya kazi walikula nusu, maji walikunywa ya kutosha. Nilibeba kumi na wawili, kumi kwenye kapu la ukindu lenye kifuniko na wawili kwa ajili ya mikono ya maharusi.

Bibi harusi alikuwa anaogopa. Nilimwonyesha: miguu unaishika katikati ya kidole cha shahada na cha kati, dole gumba juu ya mbawa, kifua chake kikae kwenye kiganja. "Dada, mshike kama unavyoshika yai." Alimshika. Njiwa alikuwa namba 02, mtulivu kuliko wote. Alikaa akitazama shela inavyopeperuka, na bibi harusi akaniambia kwa sauti ndogo, "Moyo wake unanipiga vidoleni." Sikuwa na la kujibu. Mimi mwenyewe nausikia kila siku na bado haujawa kitu cha kawaida.

Mchungaji aliomba kusema neno. Akataja njiwa wa Nuhu, kwamba alitumwa akakosa pa kukanyaga, akarudi safinani, na Nuhu akanyoosha mkono akampokea. Nilifurahi alichagua hicho kipande cha mkono kunyooshwa. Watu wengi hukumbuka jani la mzeituni tu.

Saa tisa na dakika kumi alasiri walipaa. Nilichokuwa nakiogopa kikatokea: kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wamejaa katikati ya jiji. Watano walitoka juu ya paa moja wakawafuata. Nilikumbuka Vatikani, Januari 2014, watoto waliposimama dirishani na Papa Francis wakaachia njiwa wawili, na palepale shakwe na kunguru wakawavamia. Lakini wale walikuwa wawili. Hawa wangu kumi na wawili walijikusanya, wakapanda wakizunguka, na kunguru hawawezi kupanda nao. Mizunguko mitatu juu ya mnara wa kanisa, kisha wote wakageuka magharibi kwa pamoja.

Saa tisa na dakika hamsini na tano mke wangu alipiga. "Kumi na mmoja." Saa kumi na robo akapiga tena. Namba 11 alikuwa ametua kwa jirani kwanza.

Nilikaa ndani ya kirikuu dakika chache kabla sijawasha gari.

Oktoba

Hii naiandika ilivyo. Makubaliano yalikuwa saa tisa alasiri. Msafara wa bwana harusi ulikwama, ibada ikaanza imechelewa, na watu walitoka kanisani saa kumi na moja na nusu. Jua linazama saa kumi na mbili na robo. Kutoka pale hadi banda ni dakika arobaini na tano mambo yakienda vizuri, na wakiparaganywa na kipanga hayaendi vizuri.

Nilikataa. Nilimwendea mama wa bibi harusi, nikamsalimu shikamoo, nikamweleza. Alikasirika, na ana haki ya kukasirika, alikuwa amewaambia ndugu zake wote. Mjomba mmoja alisema atafungua kapu yeye mwenyewe. Nililikumbatia kapu mbele ya watu nikasimama hivyo mpaka wakaingia kwenye magari. Fedha nimerudisha yote siku hiyohiyo, kwa simu, kabla sijafika nyumbani. Kikundi chao cha harusi kimeniandika vibaya na kuna kazi mbili zimefutwa kwa sababu hiyo.

Ningefanya vilevile kesho. Nilichobadilisha ni karatasi ya makubaliano: saa kumi kamili jioni ndiyo mwisho, imeandikwa kwa herufi kubwa, na anayesaini ni mwenyekiti wa kamati pamoja na mzazi mmoja. Pia siku hizi namsomea kwa sauti, nisiseme tu "soma uweke sahihi."

Novemba, wiki ya pili

Mvua za vuli zimekuja na vipindi vya jua katikati. Nimepigiwa simu na mama mmoja, mjane wa siku tatu. Marehemu mumewe alifuga njiwa utotoni, na mama huyo alitaka wanne warushwe makaburini Kinondoni, asubuhi. Nilimwambia, mama, kukiwa na wingu sitaweza. Akasema, "Mwanangu, tutamwachia Mungu wingu."

Asubuhi kulikuwa na kivuli chini. Nilisimama pembeni mpaka udongo ulipomalizika na mashada yakawekwa. Wajukuu watatu walishika mmoja mmoja, wa nne akamshika mjane mwenyewe. Alimshika sawasawa bila kuonyeshwa, kidole cha shahada na cha kati, kama mtu aliyeishi na mfugaji. Alimnong'oneza kitu ambacho hakikuwa changu kusikia, akainua mikono. Hakumrusha, aliifungua tu. Wale watatu wakafuata. Hakuna aliyepiga makofi, na nilishukuru kwa hilo.

Nilipokuwa nafunga kapu alinifuata. Hakuuliza habari ya malipo wala picha. Alisema, "Wakifika nyumbani nipigie. Hata kama nipo kwenye watu, nipigie."

Walirushwa saa nne kasoro dakika ishirini. Saa nne na dakika nane mke wangu alinitumia ujumbe: watatu. Nikasubiri. Foleni ya Ubungo haikusogea na sikujali. Saa nne na nusu: wanne, namba 02 wa mwisho, mzima.

Nilisogeza gari pembeni nikampigia. Nikasema, mama, wamefika wote wanne. Alikaa kimya kidogo, nyuma yake nasikia watu na sufuria. Kisha akauliza wamekula nini.

Mtama na choroko, nikamwambia. Na maji wamekunywa.